Kito cha Utosini

Jomvu Kuu,
20 Januari 2025

Mwanangu Hussam,

Assalam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mamako ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo wazijua tabia zake. Natumai nawe huko melini u mzima, na hao mabaharia unaowapikia hawajakumaliza kwa kula. Mwanao Swafiya ni mzima sana. Meno mawili ya mbele yameng'oka, akisema neno lenye herufi ya sini, nyumba nzima yaingia upepo.

Najua ulisema nikutumie sauti kwa simu kama watu wote. Sitaki. Sauti mtu huisikia mara moja akaisahau. Naandika kwa mkono wangu, kisha mkeo ataipiga picha karatasi akutumie, nawe utaisoma meli ikifika bandarini. Na kama ataisoma, na aisome. Mimi simsemi mtu kisogoni. Hanan, wasikia?

Basi, Hussam, mkeo amenitia aibu.

Wewe wakijua kile kito cha utosini mwa mtoto. Mimi ndiye niliyekiona mwanzo, siku ya saba, nilipomnyoa nywele alizozaliwa nazo. Kilikuwa kadiri ya punje ya kunde, juu yake hakuna hata unywele mmoja, na nywele nzito zimekizunguka kama pete. Nikapitisha wembe kando kando, nikasema huyu Mungu amempamba, na nyumba nzima tukakiita kito. Sasa kimekuwa kadiri ya tunda la kunazi, na huko chuoni kwa maalim wenzake wamvuta mtandio wapate kukiona. Wiki jana amerudi analia mpaka kamasi zamfika kidevuni.

Nikasema, kwani mimi nimekufa? Nusu ya Jomvu Kuu chunjua zao nimezitoa mimi. Uzi wa hariri na mafuta ya karafuu, leo wafunga, kesho wakaza, mwisho kitu chadondoka chenyewe mtu akiwa usingizini. Ile ya kiwiko chako niliitoaje?

Alhamisi Hanan alikuwa amevuka feri kwenda kwao Bofu kumpaka hina bibi harusi. Wanawake wa maulidi walikuwa hapa kwangu. Nikamketisha Swafiya mkekani, nikafunga fundo la kwanza. Mtoto akapiga ukelele. Mara mkeo huyo mlangoni, hata buibui hajavua! Hakusalimu mtu. Akachukua mkasi wangu, mkasi wangu mimi, akakata uzi, akampakata mtoto, akaniambia mbele ya watu wote: "Mama, hii si chunjua. Sijui ni nini, lakini chunjua si yo. Naomba usikiguse tena." Kuomba aliomba kwa mdomo. Macho yaliamuru.

Hakunitukana, siwezi kumsingizia. Hata sauti hakupandisha, wala ule mkono wenye mkasi haukutetemeka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana angepandisha sauti ningempata.

Mwambie mkeo katika nyumba hii kuna mkubwa na mdogo. Nangoja jibu.

Mamako,
Tumu binti Mbarak


Bandari ya Durban,
6 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naubusu mkono wako kwa mbali, na hilo goti nalo lipe salamu zangu. Mimi ni mzima wa afya, namshukuru Mungu. Jumapili niliwakaangia mabaharia mahamri, na nahodha alikula mpaka akalegeza mkanda. Ameniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni mwanamke mmoja wa Jomvu Kuu ambaye ukimsumbua jikoni hukupiga kwa mwiko.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na nitakwambia kilichonichekesha. Kwenye pembe ya picha kuna kidole gumba cha Hanan chenye hina, kimeibana karatasi isipeperuke. Barua yamsema yeye toka juu mpaka chini, naye ameinyoosha vizuri, akaipiga picha safi, hakukata hata mstari mmoja. Mama, niambie kweli: ungekuwa ni wewe, ungeituma?

Chunjua ya kiwiko changu uliitoa, sikatai, hata kovu silioni. Lakini ile ilinitoka nikiwa nimeshapata akili zangu, na Swafiya hiki kitu amezaliwa nacho. Mimi sijui tofauti yake. Mimi najua pilau. Nakuomba tu, Mama, usikifunge tena mpaka mtu anayejua atuambie ni nini. Simwamuru Hanan wala sikuamuru wewe. Mimi ni nani nitoe amri kwa wanawake wawili kama nyinyi, nami niko ndani ya sufuria katikati ya bahari?

Nibusie mwanangu kwenye hilo pengo la meno.

Mwanao,
Hussam


Jomvu Kuu,
24 Februari 2025

Mwanangu Hussam,

Waaleikumu ssalaam, na marahaba. Hali zetu nzuri, Ramadhani yabisha hodi, na nimeshaanika mchele na kuuchambua. Goti limepokea salamu ila halijajibu.

Jibu la swali lako: nisingeituma. Ningeitia motoni nikaikoroga na makaa. Hanan, usicheke, karatasi yatikisika.

Sasa sikiliza haya mapya. Mimi na mkeo tulipatana kwamba uzi basi, twende kwa daktari. Tukaenda zahanati moja njia ya Changamwe, jina lake sitalitaja. Tukamkuta daktari kijana, mcheshi, mwenye haraka. Akakibonyeza kito mara mbili akasema: "Hiki ni kifuko cha mafuta tu. Nakichoma ganzi, nakitoa hapa hapa, mnarudi nyumbani kupika." Wallahi nilifurahi, kwa kuwa sindano ilikuwa imeshatoka kwenye karatasi yake.

Mkeo akamuuliza: "Daktari, mtoto akilia hiki hutuna na kuwa kigumu. Kifuko cha mafuta huwa hivyo?"

"Mama, watoto wakilia kila kitu hutuna."

"Mzizi wake uko wapi?"

"Kwenye ngozi."

"Umeuona?"

Yule kijana akabaki na sindano hewani. Mkeo akamfunga mtoto mtandio taratibu, pini moja, pini ya pili, akasema: "Basi ukiuona, tutarudi." Akatoka. Mimi nikabaki naomba radhi kama niliyevunja kikombe cha watu.

Nilimfuata nyuma kwa hasira. Nilishaandaa maneno, Hussam, maneno mazuri sana, yangemkaa mwaka mzima. Lakini Swafiya akaanza kulia njiani. Alikuwa ameahidiwa koni baada ya sindano, na sasa sindano hakuna, koni nayo hajui hatima yake. Nikamweka kiganja kichwani kumbembeleza.

Kito kilituna chini ya kiganja changu. Kikawa kigumu kama kokwa. Mkeo akamnunulia koni, mtoto akatulia, nacho kikalegea kikawa laini kama mwanzo. Mimi nimenyoa watoto wa mji huu tangu sijaolewa na babako, wala sijapata kuhisi kitu kama hicho. Yale maneno yangu mazuri yakanipotea yote.

Hanan sijamwambia. Nimeandika hapa. Atasoma.

Mamako,
Tumu


Bandari ya Colombo,
19 Machi 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Natumai futari za Jomvu hazijabadilika. Mimi nafunga na huku napika. Naonja chumvi kwa ncha ya ulimi kisha natema, na msaidizi wangu aniona kichaa.

Mama, barua yako nimeisoma. Hanan huniandikia maneno machache, wamjua. Siku aliyotuma barua yako aliniandikia neno moja tu chini ya picha: "Amehisi." Hakusema "nilikwambia". Hakusema "muulize mamako sasa". Nikamwuliza yeye alijua lini. Akasema tangu mwaka jana, Swafiya alipougua kifaduro, kila akikohoa Hanan alikiona kinapanda na kushuka. Tangu hapo amekuwa akikitazama kila siku anapomchana nywele, na hakumtia mtu hofu kwa sababu hakuwa na hakika.

Mke wangu huyu, Mama, mimi namstahi. Namwambia mamangu kwa sababu nikimwambia mwenyewe ataniuliza kama nina homa. Mtu anayeweza kukaa siku kutwa akichora ua moja kwenye mkono wa mtu, na mstari usipinde, huyo jicho lake si kama letu. Lakini kuona ni kitu kimoja. Kumwambia daktari mwenye sindano "umeuona?" ni kitu kingine. Mimi ningesema "asante daktari" nikamshikilia mtoto.

Sasa amepata miadi kwa daktari wa vichwa katika hospitali kubwa. Watampiga mtoto picha kwa ile mashine ya kuingia mzima mzima. Twende wote, Mama. Yaani mimi siwezi, basi nenda wewe kwa ajili yangu.

Mwanao,
Hussam


Jomvu Kuu,
11 Mei 2025

Mwanangu,

Assalam aleikum. Tu wazima. Leo salamu zangu ni fupi, nisamehe.

Tulikwenda. Mashine yenyewe ni kama tanuri la mkate, na yagonga kama mafundi wa mabati. Walitaka kumpa mtoto dawa ya usingizi, maana akitikisika picha yaharibika. Mkeo akasema: "Nipeni nafasi nijaribu mimi kwanza." Wajua alifanyaje? Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amempaka hina mikono yote miwili, na Swafiya ajua sheria ya hina, haitikisiki mpaka ikauke. Basi mlangoni mwa mashine akamwinamia akamwambia: "Leo nakuchora kichwani. Huioni, lakini ipo. Usitikisike mpaka ikauke." Mtoto akaingia mle ndani akalala kimya, makelele yote yale, hata kope hakupepesa. Yule bwana wa mashine akasema watu wazima humsumbua zaidi. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo nikimtazama mkeo, midomo yake yasoma dua, uso umetulia.

Daktari mwenyewe ni mwanamke, Daktari Kache Nyale, mzaliwa wa Utange. Mdogo wa mwili, hana makuu. Akatuwekea picha ukutani kwenye taa, akatuonyesha kwa kalamu. Hussam, kile kito kina uzi. Uzi mwembamba watoka chini yake, wapita kwenye kitundu cha fupa la kichwa, wafika mpaka utando unaofunika ubongo. Akasema anavyodhani ni uvimbe wa nadra sana. Amesoma habari zake, lakini kuuona kwa macho ni mara yake ya kwanza, na jina kamili hatalitaja mpaka utoke na upimwe. Nilimpenda kwa kutoona haya kusema hivyo.

Nikamwuliza, na kama mtu angeukata juu juu, au angeufunga? Akasema maji yanayouzunguka ubongo yangevuja nje, na uchafu ungefuata uzi huo kuingia ndani. Homa ya uti wa mgongo. "Mngeweza kumpoteza," akasema.

Nikaitazama mikono yangu. Mimi nilikuwa nafunga uzi juu ya uzi.

Na mkeo, Hussam, hakunitazama. Alijua vizuri naulizia nini. Mtu mwingine angegeuza shingo, hata kidogo tu, anipige jicho. Yeye macho yake yalibaki kwenye picha mpaka nilipomaliza kupangusa uso wangu.

Watampasua tarehe kumi na mbili Juni, watafungua na fupa, wafuate huo uzi mpaka mwisho wake. Daktari Kache amesema ni kazi ya hatari lakini aijua. Tuombee.

Hanan, piga picha. Usijivune.

Mamako,
Tumu


Bandari ya Singapore,
29 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Sijui niulize hali gani. Mimi mwili ni mzima, moyo sina.

Nimeomba kuteremka hapa nirudi nyumbani. Nahodha amekubali kwa moyo, lakini kampuni haina mpishi wa kushika mahali pangu mpaka Julai. Kuanzia kesho twakata bahari kubwa, kwenda na kurudi, mtandao hakuna, hata nikipiga yowe hamtanisikia. Siku ya kumi na mbili nitakuwa mahali ambapo pande zote ni maji. Nitapika ubwabwa wa nazi siku hiyo, kile chakula anachokipenda Swafiya, niwalishe watu wote melini kwa nia yake.

Hanan ameniandikia: "Usiharibu kazi yako. Sisi tupo wawili." Nimelitazama hilo neno "wawili" kwa muda mrefu. Amekuhesabu wewe, Mama.

Mshike mkono. Yeye hatakuomba umshike, kwa hivyo usingoje aombe.

Mwanao,
Hussam


Jomvu Kuu,
3 Julai 2025

Mwanangu Hussam,

Assalam aleikum. Kabla ya kuuliza hali yako nakutua moyo: mtoto yu hai, yuko nyumbani, ala, anena, na jana amenikemea kwa kumpa uji wa moto. Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Sasa keti, unywe maji, kisha usome.

Barua hii naipiga picha mwenyewe. Hanan ameshuka dukani, nami nimechukua simu yake, Swafiya amenionyesha pa kubonyeza. Sitaki mkeo aione hii. Wanijua mamako, baya la mtu nitamwambia usoni, na la pili nitamwongezea. Lakini jema la mtu ni zito mdomoni mwangu. Babako aliishi nami miaka yote ile na nadhani alinisikia nikimsifu mara moja, tena alikuwa amelala. Kwa hivyo haya ni yako peke yako, uyasome uyafute.

Nataka ujue mkeo alifanya nini asubuhi ya upasuaji. Tulifika wodini jua halijatoka vizuri. Mimi nilijiketia kwenye benchi na tasbihi yangu, nikasema leo sina kazi ya kufanya hapa, mimi ndiye niliyetaka kumuua mjukuu wangu kwa hariri na karafuu, basi nikae pembeni nisiwe njiani. Muuguzi akaja kumnyoa mtoto. Hanan akamsimamisha kwa mkono, kisha akanijia pale pale nilipoketi, na


Bandari ya Tanjung Priok,
5 Julai 2025

Mama!

Shikamoo, na Mungu akuweke, lakini "na" nini? Akanijia "na" nini?

Nimelia niliposoma kwamba yu hai. Nimelia mbele ya vitunguu ili msaidizi wangu asiulize. Kisha nikafungua picha ya pili nimalizie, na picha ya pili, Mama, ni mkeka. Mkeka mzuri, naujua, ni ule wa sebuleni. Na dole gumba la mguu wako. Nimeikuza picha, nimeigeuza juu chini, hakuna neno hata moja.

Na majibu ya maabara? Ule uvimbe ulikuwa nini? Na mkeo, yaani mke wangu, alifanya nini? Hanan nimemwuliza kwa maandishi, amenijibu: "Mtoto mzima. Mengine atakueleza Mama, mimi sikuandika barua hiyo." Sasa nifanyeje na nyinyi?

Sikiza, Mama. Mimi mwanao sijapata kukuamuru, leo nakuamuru. Andika upya pale palipokatika, umpe Hanan karatasi aipige picha yeye. Zile nyingine zote alizipiga, na nyingi zilikuwa zamsema. Hii moja ndiyo umfiche?

Mwanao,
Hussam


Jomvu Kuu,
8 Julai 2025

Mwanangu Hussam,

Waaleikumu ssalaam. Mimi ni mzima na goti limepoa kabisa, nadhani limeona haya. Umeanza lini kuamuru watu? Haya. Nimetii. Karatasi hii nampa yeye, na Mungu anisaidie.

Pale palipokatika. Hanan akanijia pale kwenye benchi na mashine ya kunyolea mkononi, ile ya hospitali, maana wembe hawautaki, wasema huchuna ngozi. Akaniambia, kwa sauti ya kusikika: "Mama, kichwa hiki mtu wa kwanza kukinyoa ni wewe. Kinyoe tena, kisha tumpe daktari." Muuguzi akataka kukataa. Hanan akamwambia: "Huyu ndiye anyoaye watoto wetu. Muonyeshe tu mashine yashikwa vipi."

Hussam, walikuwepo wauguzi, walikuwepo kina mama wa wodi nzima, na Daktari Kache mwenyewe amesimama mlangoni. Mimi nililia kwamba mkeo alinivunjia heshima mbele ya watu. Heshima hiyo alinirudishia mbele ya watu wengi zaidi, na sikuwa nimeiomba, wala sikuwa naistahili.

Nikamwekea Swafiya kichwa pajani kama siku ile ya saba. Nikaanza. Mkono wangu ukatetemeka, mashine yaruka ruka. Mtoto akainua macho akasema: "Bibi, usitikisike mpaka ikauke." Nikacheka, machozi yananimwagika juu yake, na mkono ukatulia. Nikanyoa kando kando, nikakizunguka kile kitu taratibu, nikakiona chote kwa mara ya kwanza bila kukiita kito. Nywele nimezikunja kwenye leso yangu nyekundu. Zakungoja uje, tuzitolee sadaka pamoja kama tulivyofanya alipozaliwa.

Wakamchukua asubuhi, akatoka alasiri imeingia. Nilimshika mkeo mkono muda wote huo. Hakuniomba, kama ulivyosema. Alikuwa baridi kama samaki wa barafu, Hussam, huyo unayemwona jabali. Hakulia mpaka Daktari Kache alipotoka na kofia yake ya kijani imelowa jasho, akasema ameufuata uzi mpaka ulipoanzia, ameukata huko ndani, na kitundu amekiziba nyuma yake. Hapo Hanan aliniangukia begani, nami nikampiga piga mgongo kama mtoto wa kucheua.

Majibu ya maabara yamekuja. Kitu chenyewe chaitwa meninjioma ya ngozi. Daktari alitueleza hivi: ule utando wa ubongo, chembe zake chache zilipotea njia Swafiya akiwa tumboni, zikabaki chini ya ngozi ya kichwa, zikaota huko ugenini. Si saratani. Imetoka yote. Atatazamwa mara kwa mara, na akikua kovu litafunikwa na nywele. Daktari akasema alipousoma uvimbe huo katika vitabu, wengi walioumizwa nao waliumizwa na mtu aliyeukata kwa haraka akidhani ni kitu cha juu juu. Kisha akamgeukia Hanan akauliza: "Ni nani aliyekataa usiguswe?" Mkeo akainamisha kichwa chini.

Nikajibu mimi. Nikasema: "Ni huyu. Alikataa kwangu mimi mamake, akakataa kwa daktari mwenye sindano, wala hakujua kitu chenyewe chaitwaje. Alijua tu kwamba hajui, na sisi wote tulikuwa twajifanya twajua." Daktari Kache akampa mkono. Yule mwanamke afunguaye vichwa vya watu, alimpa mkono mkeo kwa mikono yake yote miwili.

Sasa nasema, na Hanan atasoma, nami nitageukia dirishani ili nisione anafika mstari gani. Mimi nimezaa wewe mmoja tu, na nilipokuoza nilisema nampoteza mwanangu kwa mtu wa ng'ambo ya feri. Nilikosea. Nilipata mtoto wa pili, tena bora kuliko wa kwanza, usikasirike. Nampenda. Mkasi wangu ni wake, autumie akitaka, mbele ya mtu yeyote, katika nyumba hii ambayo ni yake.

Rudi salama. Ubwabwa uliopika siku ile ulifika.

Mamako, na mama wa Hanan,
Tumu binti Mbarak

Hussam, naandika hapa chini kwa kuwa pamebaki nafasi. Mama ameketi dirishani achambua mchele uliokwishachambuliwa, na ameniuliza mara mbili kama nimeshamaliza. Nimeipiga picha mara nyingi na zote zimetoka na ukungu. Ukishindwa kusoma mstari, niambie niutume tena. Simu ni nzima. Ni mkono wangu.

Mkeo,
Hanan